Theluji ya Kaka Zahor

Kiponda, Unguja
20 Oktoba 1956

Kaka Zahor,

Shikamoo. Natumai umepata nyumba yenye joto na kwamba yule mama mwenye nyumba ameshaacha kukupikia viazi kila siku.

Nina habari, na nimeichana barua hii mara mbili kabla ya hii ya tatu. Nimeposwa. Jumapili iliyopita walikuja wazee watano kutoka Makunduchi, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakaribia kusimama zenyewe, wakiongozwa na mzee Makungu, baba yake Jecha. Jecha unamjua. Ndiye yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akija kuazima vitabu vyako kabla hujasafiri, na wewe ukisema ana akili kuliko darasa lenu zima. Siku hizi skuli yake na yangu zinatazamana. Kukiwa na mkutano wa walimu hukaa safu ya nyuma na kuuliza maswali ambayo wakubwa hawayapendi. Sina la kukuficha, kaka. Mimi namtaka.

Ami Khalfan aliwapokea vizuri. Walikunywa kahawa, wakala halua, na mwisho Ami akawaambia, "Mimi ni ami yake tu. Tangu kufa marehemu ndugu yangu, walii wa Shariffa ni Zahor. Yeye akisema ndiyo, mimi sina la kuongeza." Wazee wakasema hiyo ni haki, wakaondoka wameridhika.

Basi nakuomba karatasi moja tu. Uandike mbele ya mashahidi wawili Waislamu kwamba wewe, walii wangu, umempa Ami uwakala wa kunioza kwa Jecha bin Makungu. Wakwe wanataka harusi iwe ndani ya mwezi wa Rajabu, kabla ya watu kuanza mashughuli ya Ramadhani. Rajabu inaingia mwanzo wa Februari. Muda upo wa kutosha, lakini nijibu kwa barua ya ndege.

Mama anakuombea kila sala.

Mdogo wako,
Shariffa


Leeds, Uingereza
11 Novemba 1956

Mdogo wangu Shariffa,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, sikungoja hata kufika chumbani. Kwa nini waniomba kwa unyonge namna hiyo? Jecha! Ungenambia umeposwa na mwana wa mfalme nisingefurahi hivi.

Huku sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tunakutana kila Jumamosi. Tunazungumza juu ya Unguja tunayoitaka, Unguja isiyomuuliza mtu babu yake kashuka kutoka chombo gani. Maneno matupu hayo, mtu anaweza kusema. Wewe umekwenda ukayatenda kabla yetu. Nimewasomea wenzangu kipande cha barua yako na wote wamepiga makofi.

Karatasi ni jambo dogo, usilitie moyoni. Ila sitaki kulifanya ovyo. Waislamu ninaowajua mjini hapa ni vijana tu, na baadhi yao wanakunywa bia, na sitaki jina la dada yangu lishuhudiwe na watu hao. Liverpool yuko sheikh mmoja wa Kiyamani, mtu wa mabaharia, anaheshimika sana. Chuo kikifungwa Desemba nitapanda treni niende kwake, aandike kwa Kiarabu safi na atie muhuri. Nataka karatasi ambayo hata Kadhi akiishika ataibusu.

Mambo ya Suez yamevuruga kila kitu. Inasemekana petroli itagawiwa kwa kipimo, na meli zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hivyo msishtuke barua zikichelewa.

Mwambie Jecha namwita shemeji kuanzia leo.

Kaka yako,
Zahor


Kiponda
6 Desemba 1956

Kaka Zahor,

Mama alipiga vigelegele nilipomsomea barua yako, mpaka Bi Mashavu wa nyumba ya pili akaja mbio akidhani kumezaliwa mtoto. Jecha naye nilimpelekea salamu zako. Siku ile aliwaachia wanafunzi wake mapema, jambo ambalo halijapata kutokea.

Kisha nikaipeleka barua kwa Ami Khalfan. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. "Hii si uwakala," akasema. "Hii ni barua nzuri."

Alikwenda mwenyewe kumuuliza Kadhi kama tunaweza kuanza bila ya karatasi. Kadhi akamuuliza, "Kaka amekataa?"

"Hakukataa."

"Hajulikani alipo?"

"Anajulikana. Anaandika barua."

"Basi subirini karatasi yake. Angekataa bila ya sababu, mimi ningemuoza huyo binti kesho. Lakini mtu aliyekwisha kusema ndiyo, nimpiteje?"

Nilicheka Ami aliponihadithia. Nikasema, kumbe kuwa na kaka mwema nako kuna taabu zake.

Kwa hivyo kaka, Desemba ndiyo hii. Kanda na mikeka ya Makunduchi imeshaanza kusukwa. Mzee Makungu ameshanunua ng'ombe, amemfunga nyuma ya nyumba na anamlisha kama mgeni. Nenda Liverpool. Hata kama sheikh ana kikohozi, mshikishe kalamu.

Shariffa


Leeds
30 Desemba 1956

Shariffa mpenzi,

Nakuandikia mikono imekufa ganzi. Sijui nikuelezeje uelewe, wewe uliyezaliwa penye jua. Theluji imeanguka siku sita mfululizo. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikakuta ukuta mweupe umefika kiunoni kwangu. Njia haionekani, milango ya majirani haionekani. Chupa za maziwa zinapasuka zenyewe kwa baridi. Ndege wanaanguka kutoka kwenye miti kama maembe mabovu.

Kutoka hapa kwenda Liverpool treni inapita milimani, na huko theluji imeufunika mkondo wa reli. Nilikwenda stesheni mara mbili na mzigo wangu mkononi. Mara ya pili mzee wa stesheni akanambia, "Kijana, rudi nyumbani, leo hata Malkia wa Uingereza asingepita." Nilirudi kwa miguu, nikaanguka mara tatu.

Niwie radhi. Ningekuwa na mbawa ningekwisha kufika. Theluji ikiyayuka tu, safari yangu ya kwanza ni hiyo. Mwambie Mama asiogope, ninavaa nguo zote nilizonazo kwa pamoja.

Zahor


Kiponda
14 Januari 1957

Kaka yangu,

Mama hakula siku mbili tangu nimsomee barua yako. Anakaa barazani, jua linamuwaka, anasema anaona haya kuota jua na mwanawe yuko katika barafu. Amekufumia fulana ya sufu, nimeipeleka posta jana.

Niliwasomea wasichana wangu wa darasa la tano ile habari ya maziwa yanayopasua chupa. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na machozi je, nayo yanaganda?" Niulizie.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie. Wazee wa Makunduchi wamekuja tena, mara ya tatu sasa, na safari hii hawakugusa kahawa. Na mimi na Jecha tumegombana. Alinisimamisha mlangoni mwa skuli, akaniuliza kwa upole ule wake wa hesabu, "Hiyo theluji inazuia treni tu, au inazuia na posta?"

"Una maana gani?"

"Sina maana. Naona barua zinapita, karatasi haipiti. Twende kwa Kadhi, Shariffa. Tukamwambie njia imefungwa, walii hafikiwi. Atatuoza."

Nilimkasirikia, kaka. Nilimwambia, kaka yangu anaanguka njiani mara tatu kwa ajili yangu, halafu mimi nikamshitaki kwa Kadhi kama mtu mbaya? Watu waseme Shariffa binti Thuwaini kaozwa na serikali na kaka yake yu hai? Nikamwambia, kama hawezi kungoja theluji iyayuke basi hanitaki.

Akasema, "Haya, tungoje," akavuka njia akaingia darasani kwake.

Nimemsemea maneno makali kwa ajili yako. Usiniangushe.

Shariffa


Leeds
1 Februari 1957

Shariffa,

Bado. Ilipungua kidogo wiki iliyopita, ikarudi kwa nguvu zaidi. Wazee wa hapa wanasema hawajaona mfano wake tangu vita. Na mimi nimeugua homa kwa kule kusimama stesheni, kwa hivyo barua hii ni fupi.

Umefanya vizuri kukataa habari ya Kadhi. Hiyo ingekuwa fedheha kwetu sote, na kwa marehemu baba kaburini. Mwambie Jecha kwamba mwanamume anayemtaka mke hahesabu wiki.

Fulana bado haijafika.

Zahor


Makunduchi
19 Februari 1957

Kwa Bi Shariffa binti Thuwaini,

Naandika kwa sababu nikija mwenyewe sitaweza kusema.

Ijumaa hii, inshallah, ninaoa. Mke ni Wanu, binti wa khalati yangu, ndugu wa mama. Si jambo nililolipanga. Baba yangu alirudi kutoka kwenu ile mara ya tatu akasema, "Watu wale hawakatai. Wanatuchelewesha mpaka tukatae wenyewe." Yule ng'ombe alikuwa ameshanenepa, kijiji kizima kinamtazama, na kila mtu akipita anamuuliza mama yangu lini. Mama yangu ni mtu mzima, ana moyo mbovu. Aliniomba huku analia, na mimi sikuwa na jawabu ya kumpa ila habari za theluji.

Ungekubali siku ile twende kwa Kadhi ningekuja na mashahidi wangu saa ile ile. Sikulaumu. Ulimheshimu kaka yako, na mimi nilikupenda kwa hilo hilo.

Vitabu vya kaka yako nilivyonavyo vitatu nimempa tarishi wa skuli avilete.

Jecha bin Makungu


Liverpool
16 Februari 1957

Shariffa shoga yangu,

Usinune, najua nilikuahidi kuandika tangu nilipofika. Kazi ya uuguzi haimwachi mtu na vidole vya kuandikia. Tunaamka alfajiri, tunatandika vitanda arubaini, na sista mkuu anapita anapima mikunjo ya shuka kwa kidole. Ukirudi bwenini unalala na viatu.

Utaniuliza habari za baridi, maana wote wananiuliza. Shoga, nimetapeliwa! Unakumbuka pale Ng'ambo mama yangu alivyokusanya majirani, akina Duni na Kurwa, wakanililia kama ninakwenda kuzikwa katika barafu? Na mimi nikanunua koti zito la mtumba, zito kama godoro. Koti hilo liko msumarini. Masista wanasema hawajaona msimu wa baridi laini namna hii kwa miaka mingi. Mvua tu, ukungu, mvua, na siku nyingine jua. Majani ya bustani ni mabichi, na wiki hii yametoka maua ya manjano ambayo wenyewe wanasema yametoka kabla ya wakati wake. Theluji nimeiona mara moja, siku ya pili ya Krismasi. Ilikuwa kama unga wa mchele uliomwagika mlangoni. Nilikimbilia kwenda kuazima kamera, niliporudi pamebaki tope. Tangu hapo, kimya. Mgonjwa wangu mmoja, mzee aliyekuwa akiuza makaa ya mawe, analalamika kwamba mwaka huu hakuna aliyebisha hodi kuyanunua.

Sasa lile nililolitaka hasa. Nimemuona kaka yako! Alikuja hapa tarehe 12 Januari, wanafunzi walifanya mkutano katika ukumbi karibu na bandarini. Mimi nilikuwa na ruhusa nikaenda na mwenzangu wa Kijamaika. Kapendeza, suti ya kijivu, hana hata skafu. Na alivyosema, Shariffa! Alisema Unguja hakuna Mwarabu wala Mswahili wala Mmakunduchi, kuna Mzanzibari, na kwamba siku tutakapooana bila ya kuulizana ukoo ndiyo siku tutakayokuwa huru. Nililia. Yule sheikh wa Kiyamani wa hapa alikuwa amekaa mbele kabisa, naye akafuta macho. Baada ya mkutano walikula pamoja, wali na samaki, wakazungumza mpaka treni ya saa moja usiku.

Nilimsogelea nikamwambia, "Kaka Zahor, hongera ya harusi ya Shariffa na Mwalimu Jecha." Akacheka, akasema mambo bado. Bado nini? Nieleze. Nataka kujua nguo utakayovaa.

Akupendaye,
Kidawa binti Silima


Kiponda
27 Februari 1957

Zahor,

Kidawa binti Silima anasoma uuguzi Liverpool. Hukujua, au ulijua ukasahau, kwamba ni shoga yangu tangu chuo cha Qurani.

Barua yake imefika Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia Jecha ameoa. Sauti ya ngoma ya Makunduchi haifiki mjini, kwa hivyo sikuisikia. Nilikuwa nasahihisha madaftari.

Ulikwenda Liverpool tarehe 12 Januari, bila ya skafu. Ulikula wali na sheikh. Siku mbili baadaye mimi nilikaa hapa nikakuandikia kwamba nimemsemea Jecha maneno makali kwa ajili yako. Siku ile ile Mama alikuwa anaota jua kwa haya.

Sitaki maelezo ya treni. Nataka neno moja tu ambalo ungeweza kuniambia tangu Novemba. Ungesema hapana, Kadhi angenioza. Hapana yako ingenisaidia. Ndiyo yako ndiyo iliyonifunga.

Kwa nini?

Shariffa


Leeds
9 Machi 1957

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Sitakudanganya tena.

Hapakuwa na theluji. Habari za chupa nilizisoma katika kitabu. Ukweli ni kwamba mwaka huu nimekwenda chuoni kila siku bila ya koti, nimeketi bustanini Januari na gazeti mkononi, na kila siku niliyoamka nikaona kweupe nje nilitamani kuwe ni theluji. Nilikuwa nachungulia dirishani kama mtu anayengoja mgeni. Ingeanguka siku moja tu, nisingekuwa mwongo.

Karatasi niliiandika. Siku ile Liverpool nilikuwa nayo mfukoni. Tulipomaliza kula sheikh akaniuliza kama nina haja yoyote. Nikamwambia sina.

Shariffa, Jecha ni mtu mwema, na kila nililolisema juu yake nalirudia. Lakini si kufu yako, hatulingani nao kwa ukoo. Nimejaribu kulikimbia neno hilo na limenishinda. Nilimuona baba akilini, namna alivyokuwa akikaa pale juu ukumbini, na nikamuona mzee Makungu amekaa ubavuni kwa picha yake kama mkwe, na mkono ukakataa kuitoa karatasi. Hotuba ni hotuba, nyumba ni nyumba. Mimi pia nitarudi huko mwakani na nitataka watu wa mjini wanisikilize. Watu wenyewe ndio hao hao waliomjua baba. Nikianza kwa kumwoza dada yangu shamba, nani kati yao atanifungulia mlango?

Nilishindwa kukwambia hapana kwa sababu ningejiona mimi ni nani. Nilidhani nikikuchelewesha utapoa mwenyewe.

Sasa yaliyopita yamepita. Nimeandikiana na Ami Khalfan. Mwanawe Harith, tangu kufiwa na mkewe, anataka kuoa, na amekuwa akikuheshimu siku zote. Ana duka lake Darajani na ni damu yetu. Ndani ya bahasha ya Ami nimetia uwakala, umeshuhudiwa na sheikh mwenyewe, na muhuri upo. Tumekubaliana iwe kabla ya Ramadhani ili watu wasipate la kusema. Nafanya hivi kwa ajili yako, usibaki ukinyooshewa vidole.

Nisamehe. Nakupenda kuliko unavyodhani.

Zahor


Kiponda
28 Machi 1957

Zahor,

Karatasi yako ilifika kwa siku sita. Sijapata kuona barua kutoka Uingereza ikifika kwa siku sita.

Najua Ami atakuandikia kwa namna yake, basi na mimi nakuandikia kwa namna yangu, ili usije ukasema hukujua.

Walikuja jana baada ya sala ya alasiri. Ami, Harith, shehe wa kuozesha na mashahidi wawili, wakakaa ukumbini. Mimi, Mama, Bi Mashavu na wake za jamaa tulikuwa chumba cha ndani, na pazia katikati. Walikuwa wameshanipaka hina. Sikuwazuia, maana kila nilipofungua mdomo tangu Jumatatu Mama aliuziba kwa kulia. Ubani unafuka, sinia la halua liko tayari. Harith nilimsikia akikohoa. Sina ubaya naye. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mambo yote yameshakwisha.

Shehe akaisoma karatasi yako. Ni kweli, Kiarabu safi. Kila mtu alisema mashaallah. Kisha akasogea mpaka penye pazia, akaniita kwa jina langu na la baba, akauliza, "Kaka yako, walii wako, amempa uwakala ami yako akuoze kwa Harith bin Khalfan. Umeridhia?"

Mama akanishika goti. "Nyamaza tu, mwanangu," akaninong'oneza. "Mwari hasemi. Ukinyamaza ndiyo umekubali, tumalize."

Ndivyo ilivyo, na wewe unajua ndivyo ilivyo. Walikuwa wameacha nafasi ya ule ukimya. Bi Mashavu alikuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kigelegele.

Shehe akauliza mara ya pili.

Nikasema, "Siridhii."

Nilidhani nimesema kwa sauti ndogo. Kumbe walisikia mpaka nje barazani. Shehe akasema, labda kwa kunionea huruma, "Pengine binti hakunisikia vizuri. Nitauliza mara ya tatu."

"Nimekusikia, shehe wangu," nikamwambia. "Siridhii. Kaka yangu nilimwambia mwezi wa Oktoba ninayemtaka. Jawabu yangu ni ile ile, na mtu huyo ameshaoa. Kwa hivyo simtaki mtu."

Ami akapaza sauti kutoka kule. "Shariffa! Unajua unalolifanya? Kaka yako ametia muhuri!"

"Muhuri wake mimi naujua, Ami."

Hapo pakawa kimya kabisa, lakini kimya cha aina nyingine. Nikasikia shehe anaikunja karatasi. Akasema, "Basi. Kaka hana nguvu ya kumlazimisha dada. Hapana ndoa hapa." Akaaga. Mashahidi wakafuata. Harith alibaki peke yake akitafuta kiatu chake cha pili, na hakuna aliyemsaidia.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Mama tangu jana hajanisemesha. Ananipa chakula kwa kukisukuma sakafuni kama mtu anayempa paka. Ami amesema hatii tena mguu nyumba hii. Bi Mashavu amekwisha kuieneza habari kutoka Kiponda mpaka Malindi, na leo asubuhi nilipokwenda skuli muuza mkate alininyooshea chenji bila ya kunitazama. Wasemavyo ni kwamba nimefanya hivi kwa sababu Jecha alikwisha kunichezea. Hilo nalo liweke katika hesabu zako unaporudi kutafuta watu wa kukufungulia milango.

Na ukitaka kujua, ninayemkasirikia zaidi si wewe peke yako. Jecha aliniuliza swali moja la maana mlangoni mwa skuli na mimi nikamjibu kama mtoto. Alinipa njia iliyokuwa wazi. Mimi ndiye niliyeifunga, kwa heshima yako. Hilo nitakaa nalo, wala wewe huwezi kulibeba hata sehemu yake.

Nimeomba kazi Pemba. Skuli ya wasichana ya Chake Chake haina mwalimu wa darasa la sita, na mkaguzi amekubali leo hii hii. Nitaondoka Idi ikipita. Mama nimemwambia tufuatane. Jioni nilimkuta anakunja mashuka yake ya akiba, anayakunjua, anayakunja tena. Sijui maana yake ni nini.

Hotuba zako zikichapishwa usiniletee. Barua za Mama andika jina lake juu ya bahasha, nitamsomea kama nilivyokuwa nikimsomea, neno kwa neno, bila ya kupunguza wala kuongeza. Ila usitie ndani neno lolote la kwangu, maana nikilikuta nitaliruka.

Mama anakusalimu.

Shariffa binti Thuwaini